Hamsini na tatu ukitoa asilimia sita

"Mwalimu, shikamoo. Tumetokea Kigoma, sasa ni mwaka wa tatu tunaishi Louisville, Kentucky. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba, wanasoma bajeti na kodi ya mauzo. Juzi karudi na karatasi imejaa alama nyekundu. Swali moja lilisema: viatu vimelipiwa dola 53 pamoja na kodi ya asilimia 6, je, bei kabla ya kodi ilikuwa ngapi? Yeye akatafuta asilimia 6 ya 53, akapata 3.18, akaitoa, akaandika 49.82. Mwalimu wake kaandika 50. Nikakaa nikapiga hesabu mwenyewe, na mimi nilikuwa na duka Kigoma, nikapata ileile 49.82! Swali jingine: baba analipwa dola 900 kila baada ya wiki mbili, kwa mwezi anapata ngapi? Kaandika 1,800, kakosa. Nilimwambia kwenye bajeti aanze kwa kutoa kodi, akatoa kodi ya nyumba. Na mimi dukani huku hesabu zinanipiga chenga: nachukua vitu vya dola 20, nikifika kaunta naambiwa 21.20. Naogopa mtoto atabaki nyuma na mimi sina la kumsaidia. Nimpeleke wapi?"

Marahaba, dada yangu. Nikutoe wasiwasi wa kwanza: mwalimu wake yuko sahihi, ni dola 50. Wasiwasi wa pili: kosa mlilofanya wewe na binti yako nimelikuta kwa wanafunzi wa kila aina, kwa wazazi wenye digrii zao, na kwa wafanyabiashara waliokaa nyuma ya kaunta maisha yao yote. Wala si uzembe. Swali lilisema "asilimia 6" likanyamaza, halikusema asilimia 6 ya nini. Hapo ndipo wote mlipoteleza, na ukitazama vizuri, karibu kila kitu ulichoniuliza kinatokea kwenye shimo hilo moja.

Chukueni jibu lenu mlirudishe dukani. Tuseme viatu viko rafuni kwa dola 49.82. Keshia anaongeza kodi ya asilimia 6. Asilimia 6 ya 49.82 ni 2.9892, tunaikadiria 2.99. Jumlisha, unapata 52.81. Lakini risiti inasema 53. Haikufika. Sasa rudisha 50: asilimia 6 yake ni 3, jumla 53 kamili. Mfundishe binti yako kuhakiki hivi kabla ya kufundisha njia nyingine yoyote. Jibu la bei kabla ya kodi lazima likubali kupita kaunta tena na kutoka na jumla ileile. Lisipokubali, halijawa jibu.

Upungufu umetoka wapi? Keshia alipopiga kodi, aliipiga juu ya bei ya rafuni, yaani 50. Ninyi mlipotaka kuiondoa mliipiga juu ya 53, na ndani ya 53 tayari mna dola 3 za kodi. Kwa hiyo mmeitoza kodi yenyewe kodi. Asilimia 6 ya dola 3 ni senti 18. Toa senti 18 kwenye dola 50 uone unabaki na nini. 49.82, jibu lenu lilelile.

Wanafunzi wangu huwachorea ukanda. Chora mstatili mrefu kwenye karatasi, huo ndio bei ya rafuni, uhesabu kuwa una vipande 100. Kwenye ncha yake ya kulia bandika vipande vingine 6 vidogo, uvipake rangi: hiyo ni kodi. Ukanda mzima sasa una vipande 106. Fedha iliyolipwa, zile dola 53, imenunua vipande vyote 106. Basi kipande kimoja ni 53 gawanya kwa 106, yaani senti 50. Bei ya rafuni ni vipande 100, dola 50. Kodi ni vipande 6, dola 3. Shuleni watamwambia "gawanya kwa 1.06", na ni jambo lilelile, kwa kuwa 1.06 ni vipande 106 katika kila 100. Lakini mtoto aliyeshika 1.06 bila kuuona ukanda ataisahau baada ya likizo. Au ataizidisha pale anapotakiwa kugawanya, na hilo ndilo kosa linalofuata katika foleni.

Umesema ulikuwa na duka. Basi jambo hili umeishi nalo, ila huko mashine ilikufanyia. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, na bei unayoiona kwenye bidhaa tayari inayo ndani. Mtu akilipa shilingi 11,800 kwenye duka lililosajiliwa kwa VAT, risiti ya EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi, inaonyesha kodi 1,800. Ukijaribu kuitafuta kwa kupiga asilimia 18 ya 11,800, utapata 2,124, na hutaafikiana na mashine hata mkeshe. Ukanda una vipande 118. Gawanya 11,800 kwa 118, kipande ni shilingi 100, kodi ni vipande 18. Ile ziada ya shilingi 324 uliyoipata ni asilimia 18 ya 1,800, kodi ya kodi vilevile. Kwa jirani Kenya, kiwango kikiwa asilimia 16, ukanda una vipande 116. Mwonyeshe binti yako hili. Ajue kwamba hesabu iliyomliza Louisville ipo pia kwenye risiti ya bibi yake.

Tofauti kubwa kati ya huko na huku ni mahali kodi inapojitokeza. VAT hukusanywa hatua kwa hatua, toka kiwandani hadi dukani, na mnunuzi wa mwisho huikuta imeshamezwa na bei. Kodi ya mauzo ya Marekani hutozwa mara moja tu, pale mnunuzi wa mwisho anapolipa, na kwa kawaida haiandikwi rafuni. Serikali ya shirikisho haina kodi hii. Kila jimbo hujipangia. Majimbo 45 yanayo. Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayatozi. Alaska haina ya jimbo, ila miji yake inaweza kuweka ya kwake. Kwingi kaunti na miji huongeza kidogo juu ya ile ya jimbo: Tennessee, kusini mwenu, jimbo linachukua asilimia 7 na serikali za mitaa zinaweza kuongeza hadi 2.75. Ninyi mna nafuu. Kentucky ni asilimia 6 jimbo zima, hakuna kaunti wala mji unaoongeza. Mkivuka daraja la mto Ohio kuingia Indiana ni asilimia 7. Viatu vya dola 50 ng'ambo ya mto vitakutoka dola 53.50.

Kwa hiyo hapo kaunta hakuna aliyekuibia. Mimi mwenyewe mwezi wangu wa kwanza huku nilisimama kwenye foleni nimeshika noti ya ishirini na vitu vya dola 19 na senti 60, najiona nimehesabu kama mhasibu. Nikaambiwa dola 20.78. Nyuma yangu watu sita. Nikaacha sabuni.

Dawa ya kaunta ni nyepesi kuliko unavyodhani, na haihitaji kikokotoo. Asilimia 6 maana yake ni senti sita kwa kila dola. Vitu vya dola 20: sita mara ishirini, senti 120, yaani dola 1.20. Vitu vya dola 35: senti 210, dola 2.10. Ndiyo hivyo. Ukiwa Indiana, senti saba kwa kila dola. Wapo wanaopenda kukadiria asilimia 10 ili wasiaibike kaunta, na si vibaya kwa mwenye haraka, ila kwa mtoto anayejifunza ninapenda zile senti sita, maana zinamwonyesha asilimia ni nini hasa.

Sasa geuza swali. Una dola 60 mfukoni za kumnunulia nguo, hakuna zaidi. Uchukue nguo za bei gani rafuni? Wengi hutoa asilimia 6 ya 60, yaani 3.60, wakabaki na 56.40. Hutakwama kaunta, lakini umejinyima. Dola 60 hizo ni ukanda mzima, vipande 106. Gawanya 60 kwa 1.06, unapata 56.60, na ukihakiki inarudi 60 kamili. Senti 20 si kitu, naam, ila ona: hili ni swali la viatu lilelile limevaa nguo nyingine. Mkiwa mnanunua nguo za shule, mwachie yeye afanye hesabu hiyo kwenye simu huku wewe unasukuma toroli.

Jambo moja ambalo vitabu vya shule hulirahisisha mno: si kila kitu kinatozwa. Kwenye kitabu utaona "familia imenunua vitu vya dola 31.07, kodi asilimia 6". Kwenye maisha ya Kentucky, vyakula vya kwenda kupika nyumbani havitozwi kodi ya mauzo, wakati soda, pipi na chakula kilichokwisha kupikwa hutozwa. Kuku mbichi halipiwi kodi, kuku wa moto aliyechomwa pale dukani analipiwa. Nguo zinatozwa, sabuni inatozwa. Chukua toroli hili: mchele 11.98, maziwa 3.49, ndizi 1.60, soda 6.00, sabuni 5.50, pipi 2.50. Mchele, maziwa na ndizi ni 17.07, hazina kodi. Soda, sabuni na pipi ni 14.00, kodi yake senti 84. Jumla dola 31.91. Ukipiga asilimia 6 kwenye toroli zima unapata 32.93, umejizidishia dola moja na ushei. Kwenye risiti nyingi kuna herufi ndogo pembeni mwa bei inayotenganisha vya kodi na visivyo vya kodi. Kaa na binti yako mzitafute. Kuna vituko humo: kwa kanuni za Kentucky chokoleti yenye unga wa ngano ndani yake, kama Kit Kat, haihesabiwi pipi, inahesabiwa chakula, kwa hiyo haitozwi. Watoto wanapenda sana kugundua mambo kama hayo. Na kama mnatumia SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, chochote kilicholipiwa kwa fedha hizo hakitozwi kodi ya mauzo. Hiyo ni sheria ya nchi nzima.

Ila kwenye mtihani afuate swali linavyosema. Swali likisema kodi iko kwenye jumla yote, aipige kwenye jumla yote, hata kama wewe unajua ndizi hazitozwi.

Hujaniuliza kuhusu punguzo, lakini litakuja, kwa sababu darasa la saba hufundisha kodi, punguzo, bakshishi na riba katika mfuko mmoja. Koti ni dola 50, punguzo asilimia 25, kodi asilimia 6. Je, uanze na lipi? Anza na punguzo: 37.50, kisha kodi 2.25, jumla 39.75. Anza na kodi: 53, kisha toa robo, 39.75. Sawasawa, kwa sababu kuzidisha hakujali nani katangulia. Kisichokubalika ni kuchanganya, "25 toa 6 ni 19, basi nalipa pungufu ya asilimia 19", ukapata 40.50. Zile 25 ni za bei kamili na zile 6 ni za bei iliyopunguzwa. Huwezi kutoa embe kwenye machungwa.

Lakini kuponi ya kiasi maalumu, tuseme dola 10, hapo mpangilio unabadili jibu. Kuponi ikitangulia unalipa 42.40, kodi ikitangulia unalipa 43. Dukani inategemea kuponi ni ya nani. Ikiwa ni ya duka lenyewe, bei ndiyo imeshuka na kodi hupigwa kwenye 40. Ikiwa ni ya kiwanda kilichotengeneza bidhaa, duka litarudishiwa zile dola 10 na kiwanda, kwa hiyo bei haijashuka machoni mwa sheria, na kodi hupigwa kwenye 50. Ndiyo maana wakati mwingine kuponi mbili za dola kumi zinakupa risiti mbili tofauti.

Twende kwenye bajeti. Mshahara wa kila baada ya wiki mbili haulipwi mara mbili kwa mwezi, ingawa masikioni yanafanana. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo malipo ni 26. Mara 900 ni dola 23,400 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, unapata 1,950. Hilo ndilo jibu la mwalimu. Binti yako alikuwa anahesabu malipo 24, amepoteza mishahara miwili mizima, dola 1,800 kwa mwaka. Kosa hilohilo liko kwenye matumizi. Chakula cha dola 130 kwa wiki si 520 kwa mwezi. Zidisha 130 kwa 52, gawanya kwa 12, ni 563.33. Mwezi una wiki nne na siku kadhaa, na siku hizo nazo watu wanakula.

Hapa nataka nimtetee mtoto kidogo. Kwa swali la shule, 1,800 ni kosa. Kwa maisha ya nyumbani kwako, 1,800 ndiyo namba ninayokushauri uipangie. Kwa sababu ile 1,950 ni wastani. Haiingii benki mwezi wowote. Miezi kumi ya mwaka huingia mishahara miwili, 1,800, na miezi miwili huingia mitatu, 2,700. Ukipanga matumizi ya 1,950 kila mwezi, mwezi wa kawaida utapungukiwa na dola 150, na bili hazisubiri mwezi wenye mishahara mitatu. Ukipanga kwa 1,800, ile mishahara miwili ya ziada inakuwa matairi ya gari, au nauli ya kwenda Kigoma. Mweleze hivyohivyo: hizi ni namba mbili, moja inajibu "kwa wastani" na nyingine inajibu "mwezi huu". Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo ameelewa kuliko aliyeandika 1,950 bila kujua imetoka wapi.

Tena 900 hiyo ni kabla au baada ya makato? Swali la shule mara nyingi halisemi, na ni haki ya mtoto kumuuliza mwalimu. Kwenye hati ya mshahara wa kweli, Social Security (mfuko wa pensheni wa taifa) huchukua asilimia 6.2 na Medicare (bima ya afya ya wazee) asilimia 1.45, jumla 7.65, ambayo kwa dola 900 ni 68.85. Bado kodi ya mapato ya shirikisho, ya jimbo, na pale Louisville ya mji. Bajeti hupangwa kwa fedha iliyofika mkononi. Shuleni pia huenda akaletewa ile kanuni ya 50/30/20: nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa vitu vya hiari, asilimia 20 akiba. Ni ya fedha ya mkononi, si ya mshahara kabla ya makato. Na kusema kweli, kama zoezi la asilimia inafaa, kama kipimo cha familia iliyofika juzi na inalipa pango la mjini siipendi. Asije mtoto akakaa mezani akahesabu kwamba ninyi mmefeli.

Nimeandika "pango" kwa makusudi. Lugha yetu tamu imekutega hapa. Ulimwambia "anza kwa kutoa kodi", akatoa kodi ya nyumba, na kwa Kiswahili hakukosea hata kidogo! Kwetu kodi ni ile ya serikali, na kodi ni ile ya mwenye nyumba. Kiingereza anachosikia darasani kina maneno mawili tofauti kabisa, na mtoto anayefikiri nusu Kiswahili nusu Kiingereza huyaunganisha bila kujua. Kuanzia leo, mkiwa mezani na daftari, cha mwenye nyumba kiiteni pango. Cha serikali kiiteni kodi, na kila mara muitaje jina kamili: kodi ya mauzo, kodi ya mapato. Nimeona neno hili moja likirudisha alama tatu nne kwenye karatasi moja.

Na bajeti za vitabu vyao hazina mstari wa "kutuma nyumbani". Uongezeni. Ni somo zuri la asilimia kuliko viatu. Ada ya kutuma ikiwa dola 4.99, kwa dola 100 hiyo ni karibu asilimia 5, kwa dola 300 ni chini ya asilimia 2. Je, ni bora kutuma mia mara tatu au mia tatu mara moja? Ajibu yeye, kisha aangalie kama mgonjwa kule nyumbani anaweza kusubiri. Bajeti ina pande zote mbili. Pia tangu 1 Januari 2026 anayetuma kwa fedha taslimu hutozwa kodi ya shirikisho ya asilimia 1, ambayo haitozwi ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani. Asilimia 1 ya nini? Ya kiasi kinachotumwa. Muulize kabla hujamwambia.

Sasa, umpeleke wapi. Kwa makosa uliyoniandikia, usimpeleke popote, hana tatizo. Amejua kupiga asilimia ya namba, amezidisha desimali vizuri, ametoa vizuri. Kilichompita ni kusoma swali, na hilo linatibika mezani kwenu kwa wiki mbili za risiti: kila jioni risiti moja, afunike mstari wa kodi kwa kidole, aitafute mwenyewe, kisha afunue. Ningeanza kuwa na wasiwasi kama angeshindwa kukwambia nusu ya dola 50 ni ngapi, au kuona kwamba asilimia 10 ya 80 ni 8, au kama namba zinamtisha hadi anaumwa tumbo asubuhi ya siku ya hesabu. Ukiona hayo, iandikie shule barua ya kuomba afanyiwe tathmini. Iwe kwa maandishi, yenye tarehe, nawe ubaki na nakala.

Hata bila hayo, nenda umwone mwalimu wake wa hesabu uso kwa uso. Usiogope Kiingereza, shule ina wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, na usimfanye binti yako awe mkalimani wa habari zake mwenyewe, maana atakutafsiria anachotaka. Mpigie mwalimu simu au mwandikie kwa Kiswahili useme unahitaji mkalimani wa Kiswahili na siku unayoweza kufika. Muulize mambo mawili. Je, kuna masomo ya ziada baada ya saa za shule? Na je, mtoto anaruhusiwa kurekebisha karatasi ile ili apewe sehemu ya alama? Walimu wengi wa darasa la saba hukubali. Akikubali, binti yako asifute 49.82 yake. Aiache pale, na pembeni achore ukanda wa vipande 106 na kuandika zile senti 18 zilikotoka.